Mgeni Huwekwa Golini

Babati ni mji wa watu waliofika. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mji huu ndio uliofanywa makao makuu, na makao makuu hayaji peke yake. Huja ofisi ya mkuu wa mkoa, mahakama, polisi, benki, na kila ofisi huja na watumishi wenye magodoro, majiko ya gesi na watoto. Mwaka 2018 ikazinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, na mahali ambapo abiria wa Arusha walishuka kula wali pakawa njia panda kwelikweli. Sensa ya 2012 ilikuta watu 93,108 katika Halmashauri ya Mji. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 129,000. Hata timu ya Ligi Kuu iliyoufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa nyumbani kwake mwaka 2024, Fountain Gate, ni mhamiaji. Ilitokea Singida.

Serikali inajua kumhamisha mtu mzima. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinataja nauli, mizigo na posho ya usumbufu. Mtoto naye ana karatasi zake: barua ya uhamisho wa shule, na namba ya PREM inayomfuata ndani ya mfumo popote aendako. Anapokelewa, anaonyeshwa dawati, anasoma. Kisha inafika saa tisa na nusu alasiri, kengele inalia, wenzake wanatawanyika kwa makundi wanayoyajua, naye anabaki na saa tatu mkononi kabla ya magharibi. Mjadala huu ni wa saa hizo tatu.

Sauti nne zitakazosikika nimezitunga. Hazina majina kwa sababu si za watu fulani. Ni hoja zinazozunguka katika mabaraza ya mji wowote unaopokea wahamiaji, nami nimezipa makazi Babati. MAMA ni muuguzi aliyehamishwa kutoka Tanga katikati ya mwaka, mwenye binti wa kidato cha pili na mvulana wa darasa la nne. BABU ni jirani yake mtaani Maisaka, Mrangi aliyeletwa hapa kutoka Kondoa akiwa mtoto. MWALIMU anafundisha sekondari ya kata na ndiye mwalimu wa michezo. BINTI ataingia baadaye, maana ndivyo tulivyozoea: watoto huitwa wakubwa wakishamaliza kuamua.

MAMA: Mimi nataka ratiba tu, Babu. Tanga mwanangu alikuwa na siku zake. Madrasa, tuisheni, na Jumapili baba yake mdogo anampeleka Raskazone kuogelea. Hapa akitoka shule anashika simu yangu, na nikiwa kazini anakaa mlangoni anaangalia bodaboda. Nimeuliza kama kuna kituo cha watoto, darasa la kompyuta, mtu wa kumfundisha kuogelea. Watu wananicheka. Wananiambia ziwa lipo, ila viboko wameshatangulia kuingia.

BABU: Wanacheka kwa kuwa umeuliza kama mtu anayeulizia duka. Sisi, mwanangu, hatukupelekwa popote. Nilifika hapa sijui Kigorowa wala Kiiraqw. Wenzangu walikuwa wanachunga. Wakaniambia simama pale, mbuzi wasiingie kwenye mbaazi. Nikasimama. Hakuna aliyeniuliza jina mpaka jioni. Kesho yake wakanipitia. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe langu lilikuwa kusimama pale.

MAMA: Mwanangu hana mbuzi, Babu.

BABU: Ana miguu. Hapo nyuma ya nyumba kila jioni wanapiga chandimu.

MAMA: Alikwenda. Wakamweka golini. Kesho yake golini tena. Karudi suruali imechanika magoti, macho mekundu, anasema hawamtaki, wanamtaka asimame tu wampige mashuti.

Yeyote aliyekulia mtaani anaijua sheria hii ingawa haikuandikwa popote. Golini huwekwa mdogo kuliko wote, mnene, aliyekuja amechelewa, au mgeni. Mshambuliaji anajiteua, golikipa anateuliwa. Kwa mama aliyesimama dirishani, huo ni uonevu mtupu, na siku nyingine kweli ni uonevu. Lakini sikilizeni Mwalimu anavyolitazama jambo hilohilo.

MWALIMU: Dada, chandimu haina usajili. Inahesabu vichwa. Wakiwa tisa, hawachezi vizuri, wanamtafuta wa kumi. Sasa mwanao ndiye wa kumi. Na nikuulize: siku ya tatu walikuja?

MAMA: Walikuja. Wakasimama getini wanapiga mbinja.

MWALIMU: Umeona.

MAMA: Walikuja kwa sababu hakuna kati yao anayetaka kukaa golini!

MWALIMU: Ndiyo. Ila walikuja.

Hapa namuunga mkono Mwalimu, na nitaeleza kwa nini kabla Mama hajanikatisha. Tunapohama na watoto tunajipimia kwa maswali yasiyojibika: ana furaha? amepata rafiki? Mtoto wa miaka kumi ukimuuliza kama ana furaha atakujibu anachoona unataka kusikia. Kipimo cha kuaminika kiko nje ya kichwa chake. Asipokuja, kuna mtu atamuulizia? Mshambuliaji wa nne asipotokea, chandimu inaendelea. Golikipa asipotokea, kunazuka ugomvi wa dakika kumi juu ya nani akae. Mvulana yule aliyelia alikuwa ameshapewa nafasi ambayo pengo lake linaonekana, na hilo ni zaidi ya alilokuwa nalo darasani, ambako angeweza kukosa wiki nzima na jirani yake wa dawati akafurahia kupata nafasi ya kuweka begi.

Lipime darasa la kompyuta kwa kipimo hicho. Mtoto asipokwenda, anayepata hasara ni mzazi aliyelipa. Tuisheni ndiyo kabisa: watoto wamejazana chumba kimoja, wote wanatazama ubao, hakuna anayemtazama mwenzake, na saa zenyewe zinakatwa kutoka kwenye zile tatu. Sisemi tuisheni haina faida kwa hesabu. Nasema haimzoeshi mtoto mji.

Babu, hata hivyo, anataka kuondoka na ushindi mkubwa kuliko alioupata.

BABU: Na Mwalimu Nyerere, je? Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Mtoto wa miaka kumi na miwili, anajua Kizanaki tu, Kiswahili alikikuta hukohuko. Nani alimtafutia ratiba?

MAMA: Babu, kila mtu akilalamikia mtoto katika nchi hii analetewa Nyerere.

MWALIMU: Halafu Mwisenge ilikuwa ya bweni, Babu. Usiku wa kwanza bwenini hakuna mwenyeji. Hata leo, mtoto aliyepangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali akifika Julai anawakuta wenzake nao wanaburuta masanduku, wanauliza choo kiko wapi. Wanakuwa wageni pamoja. Sasa mtoto wa mtumishi anafika Agosti, anakuta watoto hamsini waliojuana tangu darasa la kwanza, wanajua mbwa wa nani anauma na nani alijikojolea darasa la pili. Huo ni ugeni wa aina nyingine.

Mwalimu ameshika jambo ambalo mkoa huu umelijua kwa gharama kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaipiga Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na familia zilizobaki bila makazi zikajengewa nyumba zaidi ya 100 mahali pamoja, Waret. Msiba ule haulinganishwi na barua ya uhamisho, wala sijaribu. Lakini mtoto wa Waret akitoka nje ya nyumba mpya anamkuta mwenzake aliyepitia msiba uleule. Jirani anajua bila kusimuliwa. Mtoto wa mtumishi anahama peke yake. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, na mama yake pengine amepanda cheo, hakuna anayempa pole. Ameacha bibi, ameacha mwembe wa kwao, ameacha golikipa wake mwenyewe. Watu wanampongeza.

Kuna kitu Mama alikisema nusu nusu ambacho kilinivutia kuliko vyote.

MAMA: Ajabu ni kwamba madrasa hakupata shida. Siku ya kwanza tu ustadhi alimsomesha, akasikia anasoma vizuri, akampa wadogo wawili awasikilize. Nilidhani atalia. Alirudi anajivuna.

BABU: Juzuu ni ileile. Haijui Tanga wala Babati.

MWALIMU: Na wale wa Jumapili hivyohivyo. Mtoto akishajua kuimba sauti ya pili Korogwe, anaijua na hapa. Kwaya inakosa sauti ya pili siku zote.

Wazazi wengi wakifika mji mpya huanza kutafuta kitu kipya, kana kwamba mtoto naye ni mpya. Mtoto amekuja na mzigo ambao lori halikuubeba: sura alizozihifadhi, sauti aliyoizoea kwenye kwaya, skafu ya skauti, rede, kombolela, namna ya kusuka ukili aliyofundishwa na shangazi. Cha kwanza ni kutafuta mahali ambapo mzigo huo unapokelewa jinsi ulivyo. Tena ustadhi ana tabia ambayo walimu wa tuisheni hawana. Mtoto akikosekana, hutuma wenzake wawili wamfuate mpaka mlangoni.

Kuhusu ziwa walibishana kwa muda, na nitawafupisha. Mama anataka mtoto asilikaribie. Babu anasema watoto wa Babati wanajua viboko hutoka kula majani jioni na usiku, wanajua njia zao, wanajua maji yanapanda mpaka wapi masika yakizidi. Mgeni akifungiwa ndani ndiye ataingia njia ya kiboko siku atakayotoroka. Wote wana haki, na suluhisho lake halihitaji baraza. Mtu mzima mwenyeji awazungushe watoto mchana, awaonyeshe pa kupita na pasipofikwa kabisa, basi. Hapohapo niongeze sweta. Mtoto wa Tanga hajawahi kukutana na Juni wala Julai ya Babati, upepo unaposhuka Mlima Kwaraa, na mtoto anayetetemeka hachezi. Mara nyingine tunachokiita upweke ni baridi.

Mama akageukia shule.

MAMA: Mwalimu, na nyinyi je? Shule si ndiyo ingekuwa ya kwanza? UMITASHUMTA ipo, UMISSETA ipo. Nimesikia mtaala mpya wa msingi una somo zima la Sanaa na Michezo.

MWALIMU: Somo lipo. Kipindi kwenye ratiba ni kitu kimoja, mpira uwanjani ni kingine. Na hayo mashindano, dada, nikwambie ukweli wake. Tunaanza shuleni, tunakwenda kata, wilaya, mkoa, na Juni ni taifa. Mwaka 2025 ilikuwa Iringa. Mtoto wako kafika lini?

MAMA: Agosti.

MWALIMU: Agosti mipira iko stoo. Hata angefika Februari, tungemwangalia siku mbili tu kama anaweza. Hawezi, tunampa pole. Tunatafuta wa kwenda mkoani, hatutafuti wa kukaa.

Nampongeza kwa kulisema, maana walimu wa michezo wengi wangejitetea. Michezo ya shule kwetu imejengwa kama chekecheke: inatikiswa kila mwaka ili wabaki wachache. Ni kazi ya heshima, imetupa wachezaji. Lakini mgeni asiye na kipaji hupita kwenye matundu wiki ya kwanza, na hakuna mwenye kazi ya kumwokota. Mwalimu huyu wa kwangu amejaribu njia yake ndogo. Jumanne na Alhamisi jioni anafungua uwanja wa shule, mpira wa miguu upande huu, netiboli upande ule, na anayekuja anacheza. Mipira ni miwili. Hakuna anayechujwa.

Hapo ndipo Binti alipotoka ndani na sinia la chai. Akawaamkia shikamooni, akataka kurudi jikoni.

MAMA: Kaa kidogo. Huyu ndiye Mwalimu wa michezo. Mwambie unapenda nini.

BINTI: Sipendi kitu.

MAMA: Mnaona?

MWALIMU: Urefu huo, wewe ni netiboli. Golini kabisa, pale pa kufunga.

BINTI: Kila tunakohamia wananiambia hivyohivyo, mwalimu. Lushoto, Tanga, na hapa.

BABU: Basi umeshazoea kuhama, mjukuu wangu. Mtu akihama sana anakuwa hodari.

BINTI: Hapana, Babu. Ukihama mara ya kwanza unadhani umekosea wewe. Mara ya pili unajua namna ya kufanya, unachekacheka na kila mtu. Mara ya tatu unaona hakuna maana. Nitapata marafiki, sikatai. Halafu barua itakuja.

MAMA: Barua gani? Ndiyo kwanza tumefika.

BINTI: Mama, usiku unaingia kwenye ESS kuangalia nani anataka kubadilishana aje Babati wewe urudi Tanga. Na lile kabati bado limefungwa kamba ya lori.

Kimya. Hata Babu alishika kikombe bila kunywa.

Sina la kumtetea Mama, wala simlaumu. Anaomba uhamisho kupitia mfumo ambao serikali imeuweka kwa ajili hiyo, ana mama yake mzee Tanga, ana haki. Lakini alikuwa anamtaka mtoto apande mbegu katika shamba ambalo yeye mwenyewe amelipangia siku ya kuliacha. Watoto husoma makabati yaliyofungwa kamba. Ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani haiwezi kushindana na kamba ile.

MWALIMU: Na darasani wanakutendeaje?

BINTI: Vizuri tu. Wananiiga ninavyoongea. Nikisema kitu wanakirudia kwa sauti ya Tanga, wanacheka. Si kwa ubaya. Ila sasa naongea kidogo.

BABU: Wajibu! Watanie na wewe. Hapa watu wanataniana tu.

BINTI: Babu, wewe unaweza kumtania mtu usiyemjua. Mdogo wangu anaweza. Mimi siwezi. Mwalimu ananiita kwenye watu ishirini. Mimi sitaki ishirini. Nataka mmoja.

Wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ulrich Schimmack walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya watu wazima 7,108 wa Marekani. Waliohamahama mara nyingi utotoni walielekea kuwa na hali duni zaidi ya kuridhika na maisha ukubwani, lakini uzito huo uliwaangukia hasa watu wa ndani, wasiopenda makundi; wachangamfu hawakuonekana kudhurika sana. Marekani si Manyara, na huko kuhama kuna sura zake. Hata hivyo maneno ya Binti yanakaa sawasawa na matokeo hayo. Ushauri wa Babu ni mzuri kwa mtoto aliyefanana na Babu. Nyumba moja imehamia Babati na watoto wawili, na mji waliohamia si mmoja: wa mvulana unapiga mbinja getini, wa msichana unamwiga sauti. Kuwatafutia wote wawili jibu moja ndilo kosa ambalo sisi wakubwa hulifanya kwa nia njema.

Lakini Binti hakuwa amemaliza, na hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike mjadala mzima.

MAMA: Basi angalau uwe unakwenda Jumanne na Alhamisi. Ukae tu. Kuliko kujifungia ndani.

BINTI: Jioni ipi, Mama?

MAMA: Jioni hiyo, si ukitoka shule?

BINTI: Nikitoka shule nachota maji kama yamekatika. Ukiwa zamu ya jioni napika. Namfuata mdogo wangu chandimu, naye anagoma mpaka wamalize. Namwogesha. Nafua sare yake. Unarudi saa tatu usiku unaniuliza kwa nini sina shughuli. Babu anasema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza.

BABU: Hapo umenishika.

Amemshika, na ametushika wengi. Tunasema «watoto wapate michezo», na katika macho yetu anaonekana mvulana. Saa tatu za alasiri ambazo nimezizungumzia tangu mwanzo kana kwamba ni mali ya kila mtoto, kwa wasichana wengi zimeshagawiwa. Na kuhama ndiko kunakozigawa upya. Tanga palikuwa na bibi mtaa wa pili, palikuwa na shangazi anayepitia, palikuwa na dada wa kazi aliyekataa kuja Babati kwa sababu ya baridi na umbali. Hao wote walibaki, na kazi zao zikapanda lori pamoja na kabati. Zikashuka mabegani mwa mtu mmoja wa miaka kumi na minne.

Kwa hiyo mzazi anayefika mji mpya akauliza «kuna shughuli gani za watoto hapa?» ameruka swali. La kwanza ni: nani hapa anaweza kukaa na mdogo kwa saa mbili? Mpaka lijibiwe, kila timu, kila kwaya na kila darasa ni la mtoto mmoja wa kiume. Majirani wa Babati hawakatai. Tatizo ni kwamba mtumishi anaona aibu kumwomba mtu aliyemjua mwezi mmoja, na jirani anaona aibu kumpendekezea nesi kana kwamba ameshindwa na watoto wake. Wote wawili wanasubiri kwa adabu, na binti anafua sare.

Hawa wangu niliwalazimisha waseme.

BABU: Mdogo alete kwangu. Jumanne na Alhamisi. Atakula atakachokikuta. Nitamfundisha bao, ila aelewe sina televisheni.

MAMA: Babu, nitakusumbua.

BABU: Utanisumbua, ndiyo. Na mimi goti likiniuma usiku nitakugongea.

MAMA: Zamu zangu zinabadilika kila wiki. Jumanne naweza kuomba asubuhi. Alhamisi siahidi.

BINTI: Alhamisi siku zote huahidi.

MAMA: Ndiyo maana safari hii siahidi.

MWALIMU: Tuanze na Jumanne. Na wewe binti, si lazima ucheze. Kuna msichana anatoka Dareda, anakaa hapa kwa shangazi yake. Anaandika magoli na kushika saa, vyote yeye. Akiandika saa inampita, akitazama saa goli linampita, wanagombana kila mechi. Nahitaji mtu wa pili pale mezani.

BINTI: Anaongea sana?

MWALIMU: Tangu Januari nimemsikia mara chache.

BINTI: Nitakuja kushika saa. Kucheza sijasema.

MWALIMU: Hujasema. Vaa raba, uwanja una mbigili mpaka pale mezani.

MAMA: Na sweta.

BABU: Nesi, hilo kabati, kijana wangu aje na kisu akate kamba, au tuliache kwanza?

MAMA: Aje Jumamosi, Babu. Nguo za baridi za watoto zimo humo.